Vidonge vya gulioni vilimchangamsha mama, sasa amezima ghafla

SWALI

Shikamoo mshauri. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, naishi Dar es Salaam. Mama yangu yuko kijijini, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Ana miaka 58. Baba alifariki mwaka juzi, na tangu hapo mama anaishi na mdogo wangu wa kiume pamoja na wajukuu.

Magoti yanamsumbua kwa muda mrefu. Kupanda kilima kwenda shambani ilikuwa adhabu, hata kuinuka kwenye mswala alikuwa anashika ukuta. Mwanzoni mwa mwaka jirani yake akampeleka kwa muuzaji mmoja wa gulioni anayeuza "dawa ya mifupa". Ni vidonge vya aina tatu vimechanganywa kwenye kifuko cha nailoni, vitatu asubuhi na vitatu jioni. Havina boksi, havina karatasi, havina jina. Mshauri, sikufichi, nilifurahi. Haikupita wiki mama anatembea bila kushika kitu. Alikuwa ananipigia simu alfajiri anacheka, ameshafagia uwanja, ameshabandika maharage, anataka kununua mbuzi aanze biashara. Anaongea mpaka salio linakatika. Nikamwambia mume wangu, mama amefufuka.

Nilipokwenda kula naye Idi nikashtuka. Uso umekuwa mviringo, mashavu yamejaa hadi macho yameingia ndani. Tumbo limetoka lakini miguu imekonda. Mikononi ana mabaka ya zambarau, ukimshika kwa nguvu kidogo tu damu inavilia. Majirani wanamsifia eti kanenepa, anatunzwa. Usiku halali, nilimsikia saa tisa yuko jikoni anapanga sufuria upya. Halafu hasira. Alimfokea mjukuu kwa sababu ya kikombe kilichovunjika mpaka mtoto akakimbilia kwa jirani, na mama ninayemjua mimi si mtu wa kupandisha sauti. Haijapita robo saa, analia.

Mdogo wangu alisikia redioni kwamba dawa za namna hiyo zina madhara. Akachukua kifuko chote akakitupa chooni. Inakaribia wiki mbili sasa. Siku za mwanzo mama alilalamika mwili mzima unauma. Sasa hivi hali, uji wenyewe anautapika. Akisimama anaona giza, mpaka ashike mlango. Anashinda nyuma ya jiko anatazama chini, akisalimiwa haitikii. Juzi alimwambia mdogo wangu: "Nimechoka kuwasumbua, afadhali nimfuate baba yenu."

Mama mdogo anasema ni jini. Eti ile nguvu ya mwanzo ilikuwa ya kwake, na sasa linadai malipo. Ameshaongea na mganga, Jumamosi wapeleke kuku mweusi na kaniki. Mdogo wangu anajilaumu, hataki hata kupokea simu yangu.

Naomba unijibu: vidonge vya magoti vinaweza kweli kumwingia mtu akilini? Tumtafutie vile vile arudi kuvinywa? Au mama amekata tamaa kwa kufiwa na mumewe, na sisi tunasingizia dawa?

Mtoto wa Mama, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu. Maelezo yapo, na ni marefu, lakini usiyasome sasa. Piga simu kijijini kwanza.

Mama apelekwe hospitali leo. Jumamosi ni mbali. Kutapika, kushindwa kula na kuona giza akisimama, kwa mtu aliyekatishwa ghafla dawa za steroidi, zile zinazoiga homoni ya mwili na ambazo nashuku ndizo zilizokuwa kwenye kifuko, ni dharura inayoweza kuua kwa saa chache, hasa akipata homa au akiharisha juu yake. Atakayempeleka amwambie mhudumu wa kwanza atakayemkuta maneno haya, na ayarudie kwa daktari: "Alikuwa anakunywa vidonge vya steroidi kwa miezi mingi, vimekatwa ghafla wiki mbili zilizopita, sasa anatapika na presha inashuka akisimama." Hayo yatawafanya wafikirie sindano ya haidrokotisoni, steroidi ya kuziba pengo hilo, na dripu ya maji ya chumvi mapema. Wakisikia tu kwamba ni mama mtu mzima anayetapika na hana raha, watampima malaria, na muda utapotea. Kama usafiri wa kufika mjini ni mgumu, waanzie zahanati iliyo jirani na waseme maneno hayo hayo. Sindano za jamii hii mara nyingi zipo hata huko, kwa ajili ya pumu. Kama kidonge kimoja kilidondoka nyuma ya kitanda, wakichukue waende nacho.

La pili ni ile kauli ya kumfuata baba. Msiipite juu juu. Mdogo wako, au yeyote anayesikilizana na mama, akae naye pembeni amuulize waziwazi: "Mama, unafikiria kujiua?" Watu wengi wanaogopa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi. Mara nyingi linamtua mzigo, kwa sababu hatimaye kuna mtu amelitaja. Asiachwe peke yake mpaka aonwe na daktari. Dawa za mashambani, sumu ya panya na vidonge vyovyote vilivyomo ndani vitolewe nyumbani kabisa, vipelekwe kwa jirani. Na huko hospitali daktari aambiwe kauli hiyo kama ilivyotamkwa. Familia nyingi huificha kwa aibu, mgonjwa akarudishwa nyumbani na dawa ya tumbo.

Umeshapiga simu? Sasa tuzungumze.

Sijaviona vidonge vyenyewe. Lakini uso wa mviringo, tumbo kubwa juu ya miguu myembamba, ngozi inayovilia damu kwa kuguswa, kukosa usingizi, na magoti yaliyopona ndani ya wiki: mimi mfamasia nikisikia hayo kwa pamoja nafikiria steroidi, yaani prednisoloni au deksamethasoni, hii ya pili mtaani mnaiita deksa. Wauzaji wa aina hiyo huichanganya na dawa ya kawaida ya maumivu ili mseto uonekane una nguvu za ajabu. Nguvu zenyewe ni za kweli, ndiyo maana biashara haifi. Hapa dirishani kwangu hazipiti siku nyingi bila binti kuja kunong'ona nimpe deksa anenepe kabla ya harusi. Anachokiita kunenepa ndicho ulichokiona kwa mama yako.

Sasa swali lako la kwanza, kama vinaingia akilini. Vinaingia, tena moja kwa moja. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayoitwa adrenali, uzito wake ni gramu chache tu. Tezi hizo zinatengeneza homoni iitwayo kotisoli kutokana na lehemu, ile kolesteroli ambayo watu wanaijua kwa ubaya tu. Homoni zote zinazotengenezwa kwa lehemu ni ndugu, zinaitwa homoni za steroidi. Estrojeni na projesteroni ni za ukoo huo, testosteroni pia. Kwa kuwa asili yake ni mafuta, zinapenya kuta za seli bila kubisha hodi, na kwenye ubongo zinakuta vipokezi vyake vimejaa katika sehemu zinazoshughulikia kumbukumbu, hofu na furaha. Kwa hiyo hakuna dawa ya steroidi inayokwenda gotini ikaishia hapo.

Kotisoli ya mtu mzima mwenye afya ina ratiba. Inapanda kuelekea alfajiri na kufika juu wakati wa kuamka, ndiyo inayokuinua kitandani. Inashuka mchana kutwa, na kwenye usiku wa manane inakuwa chini kabisa, mwili ukalala. Mama yako alikuwa anameza vidonge vitatu jioni. Maana yake saa ambayo ubongo unategemea homoni hiyo iwe imeshuka, yeye alikuwa amejazwa. Zile sufuria za saa tisa usiku zinatoka hapo.

Na kiasi nacho ni jambo kubwa. Mwili wenyewe kwa siku ya kawaida unatengeneza kotisoli inayolingana na takriban miligramu 5 za prednisoloni. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kwa hiyo ni kama mgawo wa siku nzima. Deksamethasoni ni kali zaidi, miligramu 0.75 tu zinafanya kazi ya miligramu 5 za prednisoloni. Ukipewa mseto usio na jina, hujui umemeza mgawo wa siku moja au wa siku kumi. Mwaka 1972 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa takwimu za wagonjwa waliolazwa wakitumia prednisoni, dawa inayokaribiana kabisa na prednisoloni kwa nguvu. Waliopata miligramu 40 au pungufu kwa siku, asilimia 1.3 walipatwa na matatizo ya akili yaliyotokana na dawa. Waliopata kati ya 41 na 80 walikuwa asilimia 4.6. Waliozidi 80 walifika asilimia 18.4. Hao walikuwa hospitalini, wanaangaliwa na madaktari, na dozi zao zimeandikwa. Na hapo yamehesabiwa yale makubwa. Kukosa usingizi, kununa na kulia bila sababu ni vya kawaida zaidi ya hapo.

Mwanzo huwa ni mtamu, na hilo limejulikana tangu dawa hizi zilipozaliwa. Mwezi Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Rochester, Minnesota, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni, ndugu wa kotisoli, mwanamke kijana aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Hench alikuwa ameshaona miaka mingi kabla kwamba wagonjwa wa baridi yabisi wakipata mimba, au macho yakiwa ya njano kwa homa ya ini, maumivu yanatulia, akawa anakitafuta hicho kitu mwilini kinachowatuliza. Yule mwanamke hakuwa akiweza kutoka kitandani bila shida, na siku chache baada ya sindano akawa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa tuzo ya Nobel. Lakini hata kabla shangwe haijatulia, madaktari walishaanza kuona upande wa pili: wagonjwa waliojawa na furaha kupita kiasi, wasiolala, wengine wakaona vitu visivyokuwepo, wengine wakaangukia huzuni nzito. Mama yako ameupitia muujiza ule ule wa Minnesota, ila bila daktari pembeni. Kucheka alfajiri, mipango ya mbuzi, maneno yasiyokatika, hiyo ni dawa ilikuwa inazungumza. Najua inauma kuambiwa hivyo, kwa sababu mlifurahi pamoja.

Steroidi ikikaa mwilini miezi, furaha hiyo kwa wengi hugeuka. Ushahidi mzuri tunaupata kwa watu ambao hawajawahi kumeza hata kidonge. Wapo wenye uvimbe mdogo kichwani au kwenye adrenali unaofanya mwili utengeneze kotisoli nyingi mno, ugonjwa unaobeba jina la Harvey Cushing, daktari wa upasuaji aliyeueleza kwa kina mwaka 1932. Sura zao ni sura ya mama yako wakati wa Idi. Zaidi ya nusu yao hupata sonona, yaani ile huzuni ya ugonjwa inayokaa na kumnyang'anya mtu usingizi, hamu na matumaini. Wengi pia wanakuwa wepesi wa hasira na wasahaulifu. Wakitibiwa kotisoli ikashuka, moyo unapona, ingawa polepole kuliko uso.

Utaniuliza: kama wingi wa homoni ndio unaoleta huzuni, mbona mama amezidi kuzama baada ya dawa kutupwa? Ubongo ndio msimamizi wa zile tezi. Kila siku unatuma oda kupitia tezi nyingine ndogo iliyo chini yake, inaitwa pituitari: leteni kotisoli kiasi hiki. Vidonge vilipoanza kuingia, msimamizi akaona ghala limefurika, akawaambia vibarua wakae nyumbani. Miezi ikapita, vibarua wakasinyaa, na nasema kusinyaa kwa maana halisi, tezi zinapungua ukubwa. Siku kifuko kilipokwenda chooni, ghala likawa tupu na hakuna aliyebaki wa kulijaza. Upungufu huo Thomas Addison wa London aliueleza mwaka 1855 kwa wagonjwa ambao adrenali zao zimeharibika: uchovu usioelezeka, kukosa hamu ya chakula, kutapika, kukonda, na roho iliyokata tamaa. Soma tena barua yako, aya ya mdogo wako na choo.

Basi zikizidi zinaumiza moyo, zikikosekana zinauangusha, na mama yako amevukishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa siku moja. Mtu wa miaka 20 angetetereka.

Mdogo wako asijilaumu. Redio ilimwambia kweli kwamba dawa zina madhara, haikummalizia sentensi. Dawa hizi zikitumika zaidi ya wiki tatu hivi, hazikatwi, zinapunguzwa. Mpigie mpaka apokee, mwambie hivyo kabla ya lolote lingine. Yeye ndiye atakayemshika mama mkono kwenda hospitali, na mtu anayejiona muuaji hawezi kuuguza.

Kuhusu kumrudishia vile vya gulioni: hapana. Ni kweli kwamba hospitali huenda wakamrudishia dawa ya jamii ile ile, na nakuonya mapema usije ukadhani wamekosea. Tofauti ni kwamba watajua wanampa nini. Baada ya kumtoa kwenye hatari watampa dozi ndogo inayofanana na kazi ya tezi zake, anywe asubuhi baada ya kula ili ifuate ratiba ya mwili, halafu wataishusha kidogo kidogo huku tezi zikiamka. Safari hiyo huchukua wiki nyingi, kwa wengine miezi, na wapo wanaofikisha mwaka. Katika kipindi chote hicho akipata malaria kali, akifanyiwa upasuaji, au akianza kutapika, dozi inatakiwa iongezwe au achomwe sindano, na hilo liandikwe kwenye karatasi akae nayo kwenye mkoba wake wa kanga. Waombe wampime presha akiwa amelala na akiwa amesimama, chumvichumvi za damu, na sukari, maana dawa hizi zinapandisha sukari hata kwa asiye na historia. Kipimo cha kotisoli ya asubuhi hakipatikani kila mahali, huenda wakampa rufaa kwenda hospitali ya Bombo, Tanga, au Muhimbili.

Swali lako la tatu ndilo lililonifanya niichague barua hii. Unauliza kama ni dawa au ni msiba, kana kwamba lazima ichaguliwe moja. Mama yako amefiwa na mtu aliyeishi naye miaka yote hiyo, magoti yakamfungia ndani, kisha kemia ya ubongo wake ikavurugwa mara mbili. Siwezi kukaa huku nikagawa ni kiasi gani cha machozi ni cha baba na kiasi gani ni cha deksa, na daktari naye hataweza siku ya kwanza. Tena uhusiano wa kotisoli na huzuni unakwenda pande zote mbili. Watu wengi wenye sonona kali, ambao hawajagusa steroidi, ukiwapima unakuta kotisoli yao iko juu na haishuki usiku inavyopaswa. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake wa Michigan walitangaza kipimo kilichojengwa juu ya jambo hilo: mtu anapewa miligramu moja ya deksamethasoni usiku, na kesho yake kotisoli ya mwenye afya inakuwa imenyamaza, lakini kwa wengi wenye sonona nzito inakataa kunyamaza. Kipimo hakikudumu kama njia ya kutambua ugonjwa, kwa sababu kinakosea mara nyingi. Kilichobaki ni ule ukweli kwamba huzuni yenyewe inazisukuma tezi. Msiba unaweza kuwa ulishaanza kazi kabla ya kifuko cha nailoni kufika.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwili wake utulie kwanza. Dozi ikishakaa sawa, mpeni kama wiki mbili hivi huku mkimwangalia: analala, anakula, anamuuliza mjukuu habari za shule? Kama bado ameinamisha kichwa, hiyo ni sonona inayohitaji matibabu yake yenyewe, mazungumzo na mtaalamu na pengine dawa kama fluoksetini, na mtu mwenye kauli kama ile ya juzi ahusishwe na wa afya ya akili tangu siku ya kwanza bila kungoja hizo wiki mbili. Na azungumziwe baba. Nimeona nyumba nyingi ambazo baada ya arobaini jina la marehemu halitajwi tena mbele ya mjane, eti asiumie.

Mama mdogo usigombane naye. Mwambie dua tunaiomba ndani ya gari tukielekea hospitali, na kuku abaki uani mpaka mgonjwa arudi, atahitaji mchuzi. Ukianza kubishana kama majini yapo au hayapo, mtafika Jumamosi bado mnabishana.

Magoti bado yapo, na maumivu yatarudi, hilo nalo mlitarajie lisije likamrudisha gulioni. Daktari aseme kwanza ni magoti ya kulika kwa umri au ni baridi yabisi ya kweli inayovimbisha viungo pande zote mbili, kwa sababu matibabu hayafanani. Ya umri yanasaidiwa na mazoezi ya kuimarisha mapaja, fimbo, kupunguza uzito, dawa ya kupaka na parasetamoli. Ya baridi yabisi yana dawa zake, na humo prednisoloni kwa dozi ndogo na kwa muda inaweza kuwa na nafasi halali.

Nawageukia wengine mnaosoma. Kama unatumia prednisoloni uliyoandikiwa kwa pumu, lupasi, figo au baada ya kupandikizwa kiungo, usiache kwa sababu ya barua hii. Ukiona usingizi umepotea au moyo umebadilika, rudi kwa aliyekuandikia umwambie hivyo hivyo, mara nyingi kusogeza dozi asubuhi au kuipunguza kunatosha. Pampu ya pumu ya kuvuta ina kiasi kidogo sana, msiiogope. Mnaopaka mkorogo wenye klobetasoli au betamethasoni, ambazo nazo ni steroidi, mwili mzima kwa miaka, hiyo nayo inanyonywa na ngozi inaingia kwenye damu, na nimeshaona tezi zilizolazwa usingizi na krimu tupu. Na kinamama mliojifungua karibuni ambao mtaniandikia mnauliza kama huzuni yenu ni ya homoni: projesteroni na ndugu zake huporomoka siku chache baada ya kujifungua, na kwa baadhi ya wanawake mporomoko huo unawagusa vibaya. Marekani iliidhinisha mwaka 2019 dawa ya sonona ya uzazi ambayo yenyewe ni steroidi ya ubongo, iliyokuwa inatolewa kwa dripu, na mwaka 2023 ikaidhinisha ya vidonge ya jamii hiyo. Hapa kwetu bado tunatumia zile za kawaida, zinafanya kazi. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Mwanangu, bado kuna yule muuzaji. Gulio lijalo atakuwepo, na jirani wa mama bado anakunywa. Mwendeeni huyo jirani kwanza, msimtupie vidonge vyake chooni, mpelekeni naye hospitali na kifuko chake mkononi. Kisha mfamasia wa wilaya aambiwe siku na sehemu gulio linapokaa. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanapokea taarifa za dawa zisizo na jina na za madhara ya dawa, na kidonge cha jirani kikifika kwao kitapimwa ijulikane ni kitu gani hasa.

Wako, Mfamasia